Risasi Isimame Wapi?

Asubuhi ya tarehe 11 Aprili 1986, makachero wanane wa FBI walilibana gari la majambazi wawili katika kitongoji kimoja kusini mwa Miami, Marekani. Majambazi hao, Michael Platt na William Matix, walikuwa wameshavamia mabenki na magari ya kubebea fedha, na walikuwa wameshaua. Mapambano hayakumaliza dakika tano. Silaha ziliponyamaza, makachero wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, walikuwa wamekufa, watano walikuwa majeruhi, na majambazi wote wawili walikuwa maiti.

Uchunguzi wa mwili wa Platt ulifichua jambo lililowaumiza vichwa wakubwa wa FBI kwa miaka. Mapema kabisa katika mapambano, risasi ya milimita 9 kutoka bastola ya Dove ilimpiga Platt mkono wa kulia, ikatoboa misuli, ikaingia kifuani na kulipasua pafu. Ikaishia hapo, kama sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo. Lilikuwa jeraha la kifo, ila si la kifo cha papo hapo. Platt alipata muda wa kuendelea kufyatua, na ni ndani ya muda huo makachero wale wawili waliuawa.

Risasi ya Dove haikuwa mbovu. Ilifanya kile ilichoundwa kufanya: kupanuka upesi na kusimama mapema. Ilisimama tu mahali pasipotosha. Tangu siku hiyo wataalamu wanaopima risasi za kujihami wamekuwa wakiuliza swali moja kubwa: isimame wapi? Ikisimama mapema mno, haimzuii mshambuliaji. Ikichelewa, inatokea upande wa pili na kwenda kumpata asiyehusika. Mwenye bastola ndogo ya mfukoni au ya kiunoni ana nafasi finyu zaidi kati ya makosa hayo mawili. Kwa hiyo muuzaji anapomwonyesha pakiti na kumwambia kwamba hizi ni salama, ana haki ya kuuliza: salama kwa nani?

Mwaka 1987 FBI iliwaita madaktari na wataalamu wa risasi kwenye chuo chake cha Quantico, jimboni Virginia. Miongoni mwao alikuwa Martin Fackler, daktari mpasuaji aliyewahi kuhudumia majeruhi wa vita Vietnam na baadaye kuongoza maabara ya jeshi ya kuchunguza majeraha ya risasi huko San Francisco. Fackler hakuvumilia maneno ya vijiweni kuhusu risasi inayomrusha mtu nyuma kama kwenye sinema. Risasi ya bastola haina nguvu hiyo. Humsimamisha mtu kwa njia mbili tu zenye uhakika wa kitabibu: kuharibu ubongo au uti wa mgongo, au kumpotezea damu nyingi kiasi kwamba mwili unashindwa kuendelea. Njia zote mbili zinadai kitu kimoja, risasi ifike kwenye viungo vilivyo ndani.

Ili kupima kina hicho bila kubahatisha, Fackler alitumia jelatini iliyochanganywa na maji kwa asilimia 10 na kupozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi. Katika hali hiyo jelatini huikaba risasi karibu sawa na misuli ya mwili. Bonge linapigwa risasi, linakatwa, kina kinapimwa kwa rula. Yeyote mwenye vifaa anaweza kurudia jaribio na kupata jibu lilelile, na hapo ndipo porojo za wauzaji zilipopata mpinzani.

Kipimo kilichotokana na kazi hiyo bado kinatumika: risasi ipenye jelatini kwa inchi 12 hadi 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa kifua cha mtu wa kawaida hakina unene wa sentimita 30. Lakini mshambuliaji hasimami kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Anakaa upande, anainama, ananyoosha mikono mbele, amevaa koti. Risasi inayoanza na mkono, kama ilivyomtokea Platt, ina safari ndefu kuliko ile iliyoingia moja kwa moja. Tena ngozi ya upande wa kutokea ni ngumu kutobolewa, na huikamata risasi iliyokwisha kuchoka.

Tofauti kubwa kati ya risasi na risasi iko kichwani. Ganda, fataki na baruti hufanana sana, lakini kichwa kinachoruka ndicho kinachoamua yatakayotokea. Aina ya kwanza ni kichwa kizima, yaani madini laini ya risasi yaliyovikwa koti la shaba pande zote isipokuwa labda kitako. Ni ya bei nafuu, inaingia kwenye chemba bila kukwama, na ndiyo inayotumika kwenye mazoezi na jeshini. Aina ya pili ina tundu kwenye ncha. Ikiingia kwenye nyama yenye majimaji, shinikizo hujaa kwenye lile tundu na kukifungua kichwa kwa nje kama uyoga, kutoka upana wa milimita 9 hadi 13 au hata 15. Upana huo huongeza jeraha, lakini pia hufanya kazi ya breki.

Vitani risasi za kupanuka zilipigwa marufuku na Azimio la The Hague la mwaka 1899, baada ya malalamiko makubwa dhidi ya risasi zilizotengenezwa na Waingereza katika kiwanda cha Dum Dum, karibu na Kolkata. Kutokana na historia hiyo, wengi huona ni unyama kwa polisi au raia kuzitumia. Hofu hiyo ina mizizi ya haki, lakini mtaa wa mjini si uwanja wa vita. Kuna dada anayeuza matunda pembeni, kuna mtoto dirishani, kuna daladala iliyojaa watu. Risasi ya kichwa kizima iliyomtoboa mtu mmoja ina nguvu za kutosha kumtoboa wa pili.

Jiji la New York lilijifunza hilo kwa damu. Polisi wake walitumia risasi za kichwa kizima kwenye bastola za milimita 9, na takwimu zao wenyewe zilionyesha kwamba katika miaka ya 1995 na 1996 wapita njia 15 walipigwa na risasi za polisi. Watano kati yao walipigwa na risasi zilizokwisha kupita kwenye mwili wa mtu mwingine, na wawili na risasi zilizopita kwenye vitu. Mwaka 1998 kamishna Howard Safir alitangaza kwamba jeshi la polisi la jiji hilo lingehamia kwenye risasi za kichwa chenye tundu. Kulikuwa na makelele mengi, na baadhi ya waliopiga kelele walikuwa na sababu nzuri za kutowaamini polisi. Hata hivyo, hesabu ya wale saba haikuwa rahisi kuibisha.

Na bado tundu kwenye ncha haliponyi kila kitu. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili wa jiji hilohilo walikabiliana na mtu aliyekuwa ametoka kumuua mfanyakazi mwenzake wa zamani. Walifyatua risasi 16. Wapita njia tisa walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake vilivyodunda. Umbo la kichwa lina kazi pale tu risasi inapompata aliyelengwa. Iliyomkosa haina breki yoyote.

Sasa turudi kwenye bastola ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya utafiti huo ilifanywa kwa bastola za askari, zenye mtutu wa zaidi ya sentimita 10. Glock 17, ambayo polisi wa nchi nyingi wanaibeba, ina mtutu wa sentimita 11.4. Raia wa Marekani anayebeba silaha kila siku chini ya shati hataki mzigo huo. Mwaka 2008 kampuni ya Ruger ilitoa LCP, bastola ya gramu 270 hivi yenye mtutu wa sentimita 7, inayotumia risasi ya .380, yaani milimita 9 fupi, ambayo John Browning aliibunia kampuni ya Colt mwaka 1908. Ilinunuliwa kwa wingi ajabu. Miaka kumi baadaye SIG Sauer ikaleta P365, bastola inayoenea kiganjani lakini yenye magazini ya risasi 10 za milimita 9, na mtutu wa sentimita 7.9.

Ufupi wa mtutu una gharama. Baruti hukisukuma kichwa cha risasi kikiwa bado ndani ya mtutu tu. Mtutu ukiwa mfupi, kichwa kinatoka kabla msukumo haujakamilika, na sehemu ya nguvu inaishia hewani kama mwako na kishindo. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha gramu 8, ambayo ikitoka kwenye bastola ya askari huenda mita 350 kwa sekunde, inaweza kushuka hadi mita 320 hivi ikitoka kwenye bastola ndogo. Ile ya .380, yenye kichwa cha gramu 6 hivi, mara nyingi haifiki mita 280.

Kichwa chenye tundu kinategemea mwendo ili kifunguke. Kikikosa mwendo, hubaki kimefumba na kupenya kama kichwa kizima, kikaenda mbali mno. Kikifunguka barabara kikiwa chepesi, huishiwa nguvu na kusimama mapema mno. Kwenye milimita 9 viwanda vimepata njia ya kati. Kwenye .380 njia hiyo ni nyembamba kama uzi. Duka la risasi la Marekani liitwalo Lucky Gunner lilipima aina zaidi ya 100 za risasi za bastola kwa kuzipitisha kwenye tabaka nne za nguo kabla ya kuingia kwenye jeli, na matokeo ya .380 yaliuonyesha mgogoro huo waziwazi: nyingi zilizopanuka vizuri hazikufika sentimita 30, na nyingi zilizofika hazikupanuka.

Nguo zenyewe ni adui anayesahaulika. Pamba na jinzi huziba lile tundu kama kizibo, na kichwa kilichozibwa hakifunguki. Ndiyo maana FBI huvika bonge la jelatini nguo nzito, na katika majaribio mengine huweka mbele yake jipsamu, plaiwudi, bati au kioo cha gari. Baadhi ya viwanda vimejibu kwa kujaza tundu kitu laini kama mpira, ambacho huzuia nyuzi zisiingie na kusukuma kichwa kifunguke. Hornady Critical Defense ni mfano unaojulikana. Speer walikwenda njia nyingine na kutengeneza Gold Dot maalumu kwa mitutu mifupi, kichwa chake kikiwa kimerekebishwa kifunguke kwa mwendo mdogo. Kwa mtu anayechagua, maandishi ya "mtutu mfupi" kwenye pakiti ni mwanzo tu. Akatafute majaribio yaliyofanywa kwa bastola yenye mtutu unaolingana na wake, si yale ya bastola ndefu yanayochapishwa kwa sababu yanapendeza.

Hapo pia ndipo mtu anapaswa kuamua kwa ukweli kama .380 inamtosha. Wengi huinunua wakidhani udogo wake huifanya rahisi kupiga, kumbe bastola nyepesi hupiga teke kali na ni vigumu kuilenga. Kama mkono unaimudu bastola ndogo ya milimita 9, hilo ndilo chaguo bora, kwa sababu inaacha nafasi kubwa zaidi kati ya kupungukiwa na kupitiliza. Mwenye mkono dhaifu au maumivu ya viungo anaweza asiwe na hiari hiyo, na kwake .380 iliyopimwa vizuri na kupigwa kwa usahihi ni bora kuliko milimita 9 inayomtisha mwenyewe.

Kuna risasi zilizotangazwa kuwa salama kupita zote. Tangu miaka ya 1970 zimekuwepo zenye kikombe cha shaba kilichojazwa chembe ndogondogo, maarufu zaidi ikiwa Glaser, ambazo hupasuka mara tu zikigonga. Hazipitilizi, ni kweli. Lakini chembe hizo zikiingia mwilini huishia juujuu, na mtu mwenye koti zito anaweza kuendelea kushambulia huku damu ikimtoka. Mwenye silaha atalazimika kufyatua tena na tena, na kila risasi ya ziada ni nafasi nyingine ya kumkosa mlengwa. Hapo ule usalama ulionunuliwa kwa bei ghali umekwisha.

Usalama wa mpigaji mwenyewe unaanza na kusoma. Risasi ya .380 huandikwa pia milimita 9 fupi, Kurz, Corto au 9×17. Ile inayoitwa Luger au Parabellum ni 9×19. Makarov ya Kirusi ni 9×18. Anayefika kaunta na kuomba "za milimita tisa" bila kufafanua anaweza kuondoka na zisizo zake. Alama iliyochorwa kwenye mtutu na ile iliyo kwenye kitako cha ganda lazima zikubaliane.

Kisha kuna alama ya +P, inayomaanisha msukumo mkubwa kuliko kawaida. Taasisi ya viwanda ya Marekani inayoweka viwango, SAAMI, inaruhusu risasi ya milimita 9 kufikia shinikizo la pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, na ile ya +P pauni 38,500. Bastola nyingine ndogo zimekatazwa na watengenezaji wake kutumia +P, au zinaruhusiwa kwa uchache tu, na kitabu cha maelekezo ndicho chenye kauli ya mwisho. Kwa .380 hakuna kabisa kiwango cha +P kilichowekwa na SAAMI, hivyo pakiti ya .380 yenye alama hiyo ni ya kuachwa dukani. Faida ya mwendo unaoongezeka kwenye mtutu wa sentimita 7 ni ndogo, ilhali teke, mwako na kishindo huongezeka kwa hakika. Mlio wa bastola fupi hupita desibeli 150, na ndani ya chumba unaweza kuharibu masikio kwa risasi moja.

Baada ya yote hayo, bastola yenyewe inaweza kukataa. Ncha yenye tundu ni bapa, na kwenye bastola ndogo njia ya kupandia kutoka kwenye magazini kuingia chemba ni kali. Risasi inayofanya kazi vizuri kwenye bastola ya jirani inaweza kukwama kwenye ya kwako. Kwa kuwa pakiti ya risasi za kujihami mara nyingi huwa na 20 au 25 tu na kila moja hugharimu mara kadhaa ya ile ya mazoezi, wengi hununua pakiti moja, wakajaza magazini na kuridhika. Wamebeba ahadi ambayo hawajaijaribu. Magazini kadhaa za risasi zilezile zinazobebwa zinapaswa kupita kwenye bastola ileile uwanjani, chini ya mkufunzi, bila hata moja kukwama.

Kosa lingine hutokea nyumbani. Mtu hutoa risasi kwenye chemba kila usiku na kuirudisha asubuhi, ileile. Kila inapogonga njia ya kupandia, kichwa husukumwa ndani ya ganda kidogokidogo, nafasi ya baruti hupungua, na shinikizo siku ikifyatuliwa linaweza kupanda kupita kiasi. Risasi iliyoonekana fupi kuliko wenzake haipaswi kupigwa tena. Na ikitokea uwanjani moja ikatoa mlio hafifu, mpigaji asimame palepale, aitoe magazini, ahakikishe chemba ni tupu na aangalie kama kichwa kimekwama kwenye mtutu, kwa sababu risasi inayofuata inaweza kuupasua.

Kuta nazo zina maneno yake. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa kwa jipsamu, na risasi ya milimita 9 huzipita kuta kadhaa za aina hiyo. Ya tundu haina nafuu kubwa, kwani vumbi la jipsamu huziba tundu lake na kuifanya iende kama kichwa kizima. Mabati na mbao za nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam hazizuii risasi yoyote ya bastola, na ukuta wa zege huidundisha. Mwenye silaha halali nyumbani anahitaji kujua watoto wanalala upande gani kabla ya kujua jina la risasi aliyonunua, na silaha pamoja na risasi zake zikae chini ya ufunguo wakati hazimo mikononi mwake.

Sheria nayo ina kona zake. Katika jimbo la New Jersey raia anaweza kuweka nyumbani risasi za kichwa chenye tundu, lakini kuzibeba barabarani kuna vikwazo vikali. Polisi wa jimbo hilo wameeleza kwamba zile zilizojazwa mpira kwenye ncha hazihesabiwi kuwa za tundu. Kwa Waswahili walioko Marekani kuna jambo zito zaidi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki silaha kwa masharti ya jimbo lake. Lakini sheria ya shirikisho inawakataza wengi walioingia kwa viza za muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Mwanafunzi anayeandamana na rafiki dukani na kurudi na pakiti mkobani anaweza kuharibu masomo yake na ukaazi wake kwa siku moja.

Mikoba ya safari ikaguliwe pia. Mwaka 2024 watalii kadhaa wa Kimarekani walikamatwa katika visiwa vya Turks na Caicos kwa risasi chache walizozisahau kwenye mabegi, mahali ambapo sheria ilitaja kifungo cha kuanzia miaka 12. Mahakama ziliishia kuwapa adhabu nyepesi, baada ya wao kukaa huko kwa muda wakisubiri hatima yao. Nchini Kenya, cheti cha silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hutaja idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nazo, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Mwenye leseni anayetaka kubadilisha aina ya risasi aende na cheti kwa muuzaji aliyesajiliwa, aulize aina hiyo inaruhusiwa au la, na za zamani asizozihitaji, zilizopata kutu au kulowa mafuta, azipeleke kituo cha polisi.